Sura ya Tano: Magofuni, Shusha!

Mgeni wa Tanga akishaoga bahari Raskazoni, akala pweza wake wa jioni, akaingia Mapango ya Amboni na kutoka, humbakia swali moja: hivi Tongoni watu wanafikaje? Aliyefikia Pangani naye huuliza hivyo hivyo. Hata kijana wa Ngamiani aliyesikia habari za magofu hayo tangu shule ya msingi, ukimwuliza upande gari gani, hukuna kichwa kwanza.

Jibu la haraka ni hili: Tongoni iko kama kilomita 20 kusini ya Tanga mjini, kando ya barabara ya pwani iendayo Pangani. Kwa gari dogo, njia ikiwa nzuri, ni nusu saa au zaidi kidogo. Mwenye baiskeli yake, na Tanga ni mji wa baiskeli, haoni taabu na umbali huo. Kwa nini basi wengi huondoka mkoani wakisema "safari ijayo"?

Sababu ni kwamba magari mengi ya njia hii hayaishii Tongoni. Yanapita. Basi la Pangani lina haraka ya Pangani, na gari la hoteli lina haraka ya ufukweni. Kwenda Tongoni ni kujua kushuka njiani, na kushuka njiani ni jambo dogo. Kazi iko katika kurudi. Sura hii itakueleza kwanza unakwenda kuona nini, kisha njia za kufika kutoka kila upande, na mwisho namna ya kupanga safari ili jua lisikuchwee barabarani.

Kuna nini pale?

Gofu ni jengo lililohamwa likabaki kuta. Tongoni kuna gofu la msikiti na makaburi ya mawe yapatayo 40, yaliyobaki kutoka katika mji uliostawi katika karne ya 14 na ya 15. Mji wenyewe ulijulikana kwa jina la Mtangata. Nyumba za watu wa kawaida zilikuwa za miti na udongo, na hizo hazikungoja karne. Kilichodumu ni kile kilichojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa.

Matumbawe ni mawe yanayotokana na viumbe wadogo wa baharini. Mafundi wa zamani walitumia ya aina mbili. Jiwe gumu la nchi kavu lilijenga kuta. Jiwe laini lililokatwa baharini likiwa bado bichi lilichongwa kabla halijakauka, likatumika kwenye miimo ya milango na kwenye mihirabu, yaani kile kishubaka anachosimama imamu akiongoza sala. Chokaa nayo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe hayo hayo juu ya tanuri la magogo. Paa lilibebwa na boriti za mikoko. Boriti zilipooza paa likaanguka, na ndiyo maana leo unaingia msikitini na mbingu iko juu yako.

Kinachowavuta wageni zaidi ni makaburi ya nguzo. Haya ni makaburi yaliyozungushiwa ukuta mfupi wa mawe, na upande mmoja ikasimamishwa nguzo ndefu. Makaburi ya namna hii yako pwani yetu, kuanzia kusini mwa Somalia, kupita Malindi, hadi Kunduchi na Kaole huku kwetu. Tongoni yamekusanyika mengi mahali pamoja kuliko ilivyo kawaida. Nguzo nyingi zimeanguka na vipande vyake vimelala nyasini, kwa hiyo usitegemee msitu wa minara. Tegemea kuinama.

Na ukiinama, tazama kuta za makaburi kwa karibu. Utaona vishimo vya mviringo, vya ukubwa wa bakuli la uji, vyenye chokaa laini ndani. Humo zilipachikwa bakuli na sahani za kaure zilizokuja kwa majahazi kutoka ng'ambo, kaure ya China ikiwa miongoni mwake. Vyombo vimeng'olewa zamani, ila alama ya kitako bado inasomeka kwenye chokaa. Ukipitisha macho juu ya kaburi moja tu, unapata picha ya biashara yote ya mji: familia iliyoweza kuchukua chombo cha thamani kutoka ng'ambo na kukiacha nje, juu ya kaburi la mzee wao, kila mpita njia akione.

Mji ulioutazama mlango wa baharini

Msafiri wa leo hufika Tongoni kwa barabara, halafu hushangaa kwamba magofu hayaonekani mpaka aache barabara na kutembea kama kilomita moja kuelekea pwani. Hilo si bahati mbaya. Barabara ilikuja nyuma sana. Mji ulijengwa ili ufikiwe kwa chombo, kwa hiyo sisi tunaotoka barabarani tunaingilia uani.

Kuna kisa kimoja kinacholionyesha jambo hilo vizuri. Mwezi Aprili mwaka 1498, msafara wa Vasco da Gama, nahodha Mreno aliyekuwa akitafuta njia ya Bara Hindi, ulikuwa ukipanda kaskazini kuelekea Mombasa. Jahazi lao moja, lililoitwa São Rafael, likapanda mwamba mbele ya pwani hii. Walilazimika kungoja maji yajae ndipo likaelea tena. Wakati wamekwama, wenyeji waliwafuata kwa mitumbwi wakiwa na machungwa, nao Wareno waliyasifu kuliko ya kwao. Milima waliyoiona ng'ambo ya pwani, ambayo ndiyo Usambara, wakaipa jina la jahazi lao.

Mwezi Januari mwaka 1499 walipita tena, safari hii wakirudi kwao. Mabaharia wengi walikuwa wamekufa, waliobaki hawakutosha kuendesha vyombo vitatu. Wakatia nanga hapo hapo, wakahamisha mizigo, wakalichoma moto lile jahazi la São Rafael. Walikaa siku 15, na watu wa mji uliokuwa mkabala nao waliwaletea kuku wengi, wakabadilishana nao kwa mashati na bangili. Mji huo ndio Mtangata.

Kwa msafiri, kisa hiki kina mafunzo mawili ya kumfaa. La kwanza, mbele ya Tongoni kuna miamba na maji mafupi, na yaliyomkwamisha da Gama yanaweza kukukwamisha na wewe ukienda kwa boti bila mjuzi. La pili, watu wa hapa wamezoea wageni kwa zaidi ya miaka 500. Aliyekuja na adabu aliuziwa kuku.

Kutoka Tanga mjini

Hii ndiyo njia rahisi kuliko zote, na wengi wanaishindwa kwa kutojua kitu kimoja: magari ya kwenda Pangani hayapiti njia moja. Yako yanayofuata pwani kutoka Tanga, na hayo ndiyo yako. Yako pia yanayotoka upande wa Dar es Salaam na kuingia Pangani kwa kukata Muheza, na hayo hayaioni Tongoni hata kwa mbali. Ukisema "Pangani" tu, unaweza kupakiwa lolote. Kwa hiyo uliza kabla hujakaa:

— Kaka, gari la wapi hili?

— Pangani, dada. Ingia, bado siti mbili.

— Mnapita Tongoni?

— Tunapita.

— Basi utanishusha njia ya magofuni.

— Ya kwenye makaburi? Haya, kaa karibu na mlango, nikumbushe tukikaribia.

Maneno ya mwisho ya konda uyatilie maanani. Magofu ni neno la vitabuni kwa baadhi ya watu. Ukiona konda amekutolea macho, taja makaburi ya kale au msikiti wa kale. Kaa karibu na mlango kweli, na mkabidhi mzee mmoja wa humo garini habari yako, kwa sababu konda akianza kugombania chenji atakusahau, ila abiria mzee hakusahau. Usiposhuka pa kushuka, kituo cha mbele kinachojulikana ni Kigombe, na kutoka hapo itakubidi urudi nyuma.

Kando ya basi kuna njia nyingine, kila moja na tabia yake:

- Bodaboda. Inakufikisha mpaka magofuni bila kutembea. Patana bei ya kwenda na kurudi pamoja na saa za kukusubiri, na ulipe nusu wakati wa kwenda, nusu mkirudi. Dereva uliyemmalizia pesa zake hana sababu ya kukungoja. Dai kofia ya kuvaa kichwani.
- Bajaji. Inawafaa wawili au watatu, au mwenye mtoto. Ni ya polepole, na masika inaweza kukataa vipande vya njia ya ndani.
- Teksi au gari la kukodi. Ghali kuliko vyote, lakini ndiyo njia pekee itakayokuwezesha kuunganisha Tongoni na Pangani kwa siku moja bila kuhangaika.
- Baiskeli. Njia ni ya tambarare. Ondoka alfajiri, beba maji na kiraka cha mpira, na ukumbuke kwamba upepo ulioukuta mgongoni asubuhi unaweza kukupiga usoni ukirudi. Msimu wa kusi, yaani Aprili hadi Septemba hivi, upepo hutoka kusini. Msimu wa kaskazi, kuanzia Desemba mpaka Machi, hutoka kaskazini.

Kwa miaka mingi barabara hii ilikuwa ya vumbi kiangazi na ya tope masika. Sasa imo katika mradi mkubwa wa barabara ya lami ya pwani, ile inayounganisha Bagamoyo, Saadani, Pangani na Tanga. Maana yake kwa msafiri ni kwamba saa za safari alizotajiwa na shangazi yake mwaka juzi si lazima ziwe za leo. Waulize madereva wa wiki hii.

Kutoka Pangani, Kigombe na Ushongo

Hoteli za ufukweni za upande huu zimetawanyika. Ziko za Kigombe na kandokando yake, kati ya Tanga na Pangani. Ziko za Pangani kwenyewe, mji wa kale ulio kwenye mlango wa mto, ambako Wajerumani walimnyonga Abushiri bin Salim, kiongozi wa upinzani wa watu wa pwani dhidi yao, mwezi Desemba mwaka 1889. Na ziko za Ushongo, ng'ambo ya mto, ambazo ndizo zinazotajwa sana na watalii. Mahali unapolala ndipo panapoamua ugumu wa safari yako.

*Ukilala Kigombe*, uko jirani. Tongoni ni kilomita kumi na kitu kaskazini. Simama barabarani asubuhi, panda gari lolote linalotoka Pangani kwenda Tanga, shuka njiani. Bodaboda ya kijijini inatosha kabisa.

*Ukilala Pangani mjini*, una kama kilomita 30. Magari ya kwenda Tanga huanza mapema, maana yamebeba wanafunzi, wauza samaki na wenye shida za hospitali na benki. Panda la asubuhi hiyo. La saa nne litakufikisha jua likiwa utosini, na pale magofuni kivuli si kingi.

*Ukilala Ushongo*, hesabu mambo matatu. Kwanza kutoka Ushongo hadi Bweni, kijiji kilicho ukingo wa kusini wa mto Pangani, ni kama kilomita 15. Pili kuvuka mto. Tatu ndiyo zile kilomita 30 za kwenda Tongoni. Kwa muda mrefu kuvuka huko kumekuwa kwa kivuko cha serikali, na kivuko kina saa zake: hakikusubiri wewe, na usiku hakikujui. Daraja la urefu wa mita 525 limo katika mradi ule ule wa barabara ya pwani. Mwulize mwenyeji wako njia ya siku hiyo ni ipi, ya majini au ya juu. Watu wa Ushongo hufanya vizuri zaidi wakikodi gari kwa siku nzima, wakiwa wanne au watano na kuchangiana.

Kwa ufupi mpaka hapa: wa Tanga mjini na wa Kigombe wanaweza kwenda kwa nauli ya kawaida na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Wa Pangani anahitaji nusu siku. Wa Ushongo aitenge siku nzima.

Wanaotoka mbali

Tongoni haifai kuwa safari ya siku moja kwa anayetoka nje ya ukanda huu. Ifanye sehemu ya kulala Tanga au Pangani.

- Dar es Salaam. Mabasi ya Tanga hupita Chalinze, Segera na Muheza. Ni kama kilomita 350, na huchukua saa sita hivi. Ukifika mchana, lala. Tongoni ni ya asubuhi yake.
- Arusha, Moshi na Lushoto. Wote hushukia Segera kisha Muheza na Tanga. Anayetoka Lushoto huteremka kwanza mpaka Mombo kukutana na barabara kuu. Huyu anayo raha yake: anatoka katika milima ile ile waliyoiona mabaharia wa mwaka 1498.
- Mombasa. Njia ni Likoni, Lunga Lunga na Horohoro, kisha Tanga. Ni mpaka wa nchi mbili, hivyo beba pasi au hati ya kusafiria ya muda, na acha nafasi ya foleni.
- Unguja na Pemba. Kuna ndege ndogo zinazotua Tanga na Pangani, na kuna meli za abiria kati ya visiwa hivyo na Tanga ambazo hazitembei kila siku. Ratiba zake hubadilika, hakikisha kabla hujafunga mizigo. Jahazi la mizigo si chombo cha abiria, hata kama nahodha anakuita "mwanangu".

Kwa bahari je?

Wapo wanaotaka kufika kama walivyofika wafanyabiashara wa kale, na si wazo baya. Sharti lake ni maji. Pwani ya Tanga maji hupanda na kushuka mita tatu na zaidi siku za bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo maji hujaa sana na kupwa sana. Maji yakipwa, mbele ya Tongoni hubaki matope, mikoko na miamba. Boti iliyoingia kwa raha saa nne huweza kukaa chini mpaka jioni. Kwa hiyo atakayekupangia saa ni mvuvi wa pale pale. Ukimwuliza "twende saa ngapi?" naye akajibu mara moja bila kufikiri habari ya mwezi, tafuta mwingine.

Faida ya njia hii ni kuona mji kutoka upande wake wa mbele. Utaona jinsi ghuba inavyotoa mahali pa kutia nanga, na mikoko ilivyo karibu kwa boriti na kuni za kuchomea chokaa. Utaelewa bila maelezo marefu kwa nini watu walichagua kujenga hapo.

Ukumbuke pia kwamba maji haya yamo katika Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ya Tanga, iliyotangazwa mwaka 2009 kwa ajili ya samaki wa kale ambaye wataalamu walidhani ametoweka duniani zamani za kale, mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Wavuvi wa pwani hii wamemnasa mara nyingi kuanzia miaka ya 2000. Kuokota matumbawe na kuvunja miamba ni marufuku.

Wenzetu wanafikaje kwa yao?

Si Tongoni peke yake iliyo karibu na hoteli za ufukweni. Ng'ambo ya dunia, nchini Mexico, kuna Tulum, mji wa Wamaya, watu walioendesha miji ya mawe katika Amerika ya Kati. Tulum nayo ilistawi katika karne zile zile zilizostawisha Mtangata. Nayo ilikuwa mji wa biashara ya baharini, ikaonwa na Wazungu kutoka melini: Wahispania walipita mbele ya pwani hiyo mwaka 1518, miaka 20 tu baada ya da Gama kukwama kwetu.

Watalii wanaolala Cancún na Playa del Carmen hufika Tulum kwa namna ambayo konda wa Tanga angeielewa mara moja. Pamoja na mabasi makubwa na magari ya hoteli, kuna vipanya vinavyokimbia barabara ya pwani, vikijaza abiria njiani. Unamwambia dereva "ruinas", yaani magofu, anakushusha kwenye njia panda, unalipa, unatembea kama kilomita moja mpaka langoni. Gari lenyewe linaendelea na safari yake. Halikuja kwa ajili ya magofu.

Karibu zaidi kuna Gede, nchini Kenya, mji wa Waswahili ulio msituni kati ya Watamu na Malindi. Palilindwa tangu mwaka 1927, pakachimbuliwa na mtaalamu James Kirkman kuanzia mwaka 1948, na mwaka 2024 pakaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hapo pia anayelala hotelini Watamu anapanda matatu ya kawaida, anashuka kijijini Gede, anamalizia kwa miguu au kwa tuktuk.

Tofauti yao na Tongoni, basi, haiko kwenye gari. Zote tatu zinafikiwa na gari la kupita. Kwa Tulum na Gede, dereva ameshusha watu pale mara nyingi mpaka hahitaji kuelezwa, na gari la kurudi linapita kila baada ya dakika chache. Kwa Tongoni bado unaeleza, na la kurudi unalisubiri.

Ukishafika

Eneo hili ni urithi wa taifa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863, na Tongoni inaingia humo bila ubishi. Kuna kiingilio, tofauti kwa raia na kwa mgeni wa nje. Lipa na uchukue risiti ya serikali. Ukimkuta mlinzi ni mtu mzima, anza na shikamoo kabla ya kuulizia tikiti. Mengi ya maana hayakuandikwa kwenye kibao, yako mdomoni mwake, na atayatoa kwa aliyemwamkia vizuri.

Halafu shika haya:

1. Usikanyage wala usikae juu ya kuta za makaburi. Chokaa ya miaka 500 hubanduka kwa uzito wa mtu mmoja.
2. Ni makaburi ya Waislamu na gofu la msikiti. Vaa nguo ya stara, mwanamke awe na kanga au mtandio, mwanamume asije kifua wazi kutoka ufukweni.
3. Katika makaburi mengi ya kale ya pwani watu bado hufika kusoma dua na kuacha ubani au sadaka. Ukikuta vitu hivyo usiviguse, na usiwapige picha watu wanaoomba.
4. Usiokote kigae. Kigae kikiwa mahali pake humweleza mtaalamu mengi. Kikiwa mfukoni mwako hakisemi kitu.

Kama hujui pa kuanzia, anzia msikitini. Simama uelekee mihirabu. Makka iko karibu sawasawa kaskazini ya Tanga, kwa hiyo ukiwa umeelekea kibla, yaani upande wa kusalia, mkono wako wa kulia ni mashariki na Bahari ya Hindi, wa kushoto ni bara na Usambara. Sasa toka nje uyapitie makaburi, ukitafuta nguzo zilizoanguka, vishimo vya bakuli, na mapambo yaliyochongwa kwenye mawe. Saa moja na nusu inatosha kwa asiye na haraka.

Kurudi ndiyo kazi

Gari linaloelekea Tanga limejazia Pangani. Linaloelekea Pangani limejazia Tanga. Wewe unalidaka katikati, na huna uhakika wa siti. Asubuhi na adhuhuri magari yapo. Kadiri jua linavyoshuka yanapungua. Ukijumlisha hayo, kanuni inajitengeneza yenyewe: panga kurudi kabla ya kupanga kwenda.

- Ukishuka, mwulize konda huyo huyo anarudi saa ngapi, na umwombe namba yake ya simu. Hakuna ratiba bora kuliko konda anayekutarajia.
- Weka saa nane mchana kuwa mwisho wako wa kusimama barabarani. Saa kumi ni kubahatisha.
- Beba chenji. Noti kubwa itakuweka kwenye mabishano na gari linalotaka kuondoka.
- Chagua kiangazi ukiweza: Januari, Februari, na Juni hadi Septemba. Masika, Machi hadi Mei, njia ya ndani huwa na utelezi na nyasi huwa ndefu.
- Gari lisipotokea, geukia kijijini. Bodaboda ya Tongoni inaweza kukupeleka Tanga, na pesa hiyo inabaki pale pale.

Kwa ufupi

Tongoni iko kilomita 20 kutoka Tanga na kama 30 kutoka Pangani. Magari yanayofuata barabara ya pwani yanapita. Ya njia ya Muheza hayapiti. Wa Ushongo ana mto wa kuvuka. Wa boti ana maji ya kungoja. Nenda asubuhi, rudi mapema, na uwe umeshamjua atakayekurudisha.

Wengi hudhani Tongoni inangoja basi la watalii lenye maandishi ubavuni ndipo iweze kufikika. Tulum na Gede hazikungoja hilo. Kituo kizuri cha barabarani huzaliwa pale abiria wanapozoea kushuka: wa kwanza huchekwa, wa kumi huulizwa, wa mia konda humwitia mwenyewe kabla hajafungua mdomo. Nauli ya mtu mmoja anayeshuka magofuni ni ndogo mno kuweza kubadili ratiba ya basi. Za wengi, mwaka hadi mwaka, ndizo zitakazoibadili, na kibao cha njia panda kitapata kazi ya kufanya.